Diski mbili, habu moja, na umeme usiotosha

*"Mtaalamu, habari za kazi. Laptopu yangu ni nyembamba, ina matundu mawili tu ya USB-C, na moja ndilo la kuchajia. Nina diski mbili za nje, ya terabaiti 1 na ya terabaiti 4, zote ndogo za kutia mfukoni, zisizo na chaja yake. Nilinunua habu yenye matundu matatu ya USB ya kawaida, tundu la HDMI na tundu la kupitishia chaja. Juu imeandikwa wati 100. Diski ikiwa peke yake inafanya kazi vizuri. Nikichomeka ya pili, ya kwanza inalia tik-tik na kupotea kwenye skrini. Juzi nikiwa nakopi picha za watoto nilichomoa chaja, zote mbili zikapotea kwa mpigo, na sasa folda moja haifunguki. Fundi mmoja ameniambia habu huua diski, dawa ni kununua laptopu yenye matundu mengi. Mwingine anasema habu inagawa spidi nusu kwa nusu, ndiyo maana. Nimshike nani? Sina haraka ya kununua chochote, ila picha hizo siwezi kuzipoteza."*

Ndugu msomaji, tuanze na folda isiyofunguka, habu itasubiri. Kuanzia sasa usiandike chochote kwenye diski hiyo. Usikopi kitu kuingiza, usifute, usihamishe. Laptopu ikikuletea ujumbe kwamba diski ina hitilafu na kukuuliza kama irekebishe au ifomati, kataa. Mara nyingi picha zenyewe bado zipo pale pale zilipokuwa. Kilichovurugika ni ile orodha inayoiambia kompyuta kila picha imekaa wapi. Ukiandika kitu kipya ndipo unapofukia kilichokuwa kinaokoleka.

Kisha ichaji laptopu mpaka ijae, chomoa chaja, weka habu kando kabisa, na uchomeke diski moja kwa moja kwenye laptopu. Lile tundu ulilozoea kuliita "la chaja" kwa kawaida ni tundu kamili, linapitisha data kama mwenzake. Maana yake laptopu ikiwa kwenye betri una nafasi ya diski mbili, kila moja na tundu lake, bila habu yoyote katikati. Kinachohitajika ni waya wa diski wenye kichwa cha USB-C, au adapta ndogo za kubadilishia kichwa. Toa picha uziweke kwenye laptopu yenyewe kama ina nafasi, ama kwenye ile diski nyingine. Anza na zile ambazo hakuna mtu mwingine aliyenazo. Usianze na filamu.

Ukishamaliza hilo, ndipo tuwajadili mafundi wako.

Yule wa spidi tummalize haraka, kwa sababu hesabu inamkataa. Tundu la USB 3 la kawaida hupitisha gigabiti 5 kwa sekunde, ambazo ukiondoa gharama za usafirishaji zinabaki kama megabaiti 400 na ushei za kutumika kweli. Diski ya mfukoni yenye sahani zinazozunguka husoma megabaiti 100 hadi 150 kwa sekunde ikiwa katika hali nzuri. Weka mbili pamoja, hazizidi 300. Njia bado ni pana. Zaidi ya hapo, USB 3 ina nyuzi za kwenda na nyuzi za kurudi, tofauti na USB 2 ambayo data hupishana kama magari kwenye daraja la njia moja. Ukikopi kutoka diski moja kwenda nyingine kupitia habu ile ile ya USB 3, data huingia kwenye laptopu kwa njia moja na kutoka kwa nyingine. Hata kama spidi ingegawanywa, diski ingefanya kazi polepole tu. Isingelia wala kupotea. Idadi nayo isikutishe: mfumo wa USB umepangwa kubeba hadi vifaa 127 kwenye mzizi mmoja, yaani kidhibiti kimoja cha USB ndani ya kompyuta.

Yule wa kwanza ana chembe ya ukweli, ila ameielekeza pabaya. Habu yenyewe haina uadui na diski. Kinachoumiza diski ni kukatiwa umeme ikiwa kazini, na habu kama yako hukata umeme kirahisi.

Ndani ya diski yako kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake bila kuzigusa. Kuzizungusha sahani zilizosimama ni kazi kubwa kuliko kuziendeleza zikiwa tayari zinazunguka, kama vile baiskeli inavyokuwa nzito kwenye pedali za mwanzo. Kwa sekunde chache za kuamka, diski ya mfukoni inaweza kuvuta karibu ampea 1. Ikishatulia inahitaji chini ya hapo. Ile ya terabaiti 4 kwa kawaida ina sahani nyingi kuliko ya terabaiti 1, kwa hiyo ndiyo yenye njaa zaidi.

Upande wa pili, tazama tundu linatoa nini. USB 2 iliahidi miliampea 500. USB 3, iliyotoka mwaka 2008, ikapandisha hadi 900. Hiyo ni wati 4.5 kwa volti 5, na haitolewi kwa kila tundu la habu yako. Habu isiyo na umeme wake hupokea kile inachopewa na tundu moja la laptopu, inakula fungu lake (ile chipu ya HDMI, ya kupeleka picha kwenye skrini ya nje, nayo ina tumbo), halafu inagawia diski zote kilichobaki. Matundu ya USB-C huweza kutoa zaidi, ampea 1.5 au hata 3 kwa volti zile zile 5, lakini si kila laptopu inatoa hivyo, na si kila habu ina vipuri vya kupitisha mkondo huo kwenye matundu yake madogo.

Nina kipimo kidogo cha USB mezani, kile cha kuchomeka katikati ya tundu na waya kikaonyesha volti na ampea. Siku moja niliweka diski moja kwenye habu ya aina yako: volti 5 na kidogo, diski kimya. Nikachomeka ya pili. Namba ikashuka mbele ya macho yangu, 4.8, 4.6, 4.4, na diski ya kwanza ikatoa mlio ule unaousema, tik, kimya, tik. Sekunde tatu baadaye taa yake ikazimika. Diski ilikuwa nzima kabisa. Nilipoirudisha peke yake ikaamka kama kawaida.

Mlio huo unatokeaje? Volti zikishuka chini ya kiwango, diski huona kwamba haiwezi kuendelea, inarudisha kichwa kwenye maegesho yake pembeni ya sahani, kisha umeme ukirejea inajaribu kuamka tena. Ikishindwa inarudia. Umeme ukikatika ghafla, diski hutumia ujanja ninaoupenda sana: sahani bado zinazunguka, kwa hiyo mota inageuka kuwa jenereta kwa nukta chache, na umeme huo ndio unaokikimbiza kichwa maegeshoni kabla hakijaangukia sahani. Ujanja huo huiokoa diski, lakini ni maegesho ya pupa. Diski imeundwa kuvumilia maegesho ya kawaida mamia ya maelfu ya mara. Haya ya dharura inavumilia machache zaidi. Kwa hiyo ukiiacha hali hii iendelee kila siku kwa miezi, utabiri wa fundi wako utatimia, ingawa sababu aliyokupa siyo.

Data nayo ina ugonjwa wake. Unapokopi, kompyuta huweka sehemu ya mzigo kwenye kumbukumbu ya muda kwanza ili mambo yaende haraka, na diski nayo ina kumbukumbu yake ndogo. Mstari wa kukopi ukifika mwisho haimaanishi kwamba kila kitu kimeshatua. Umeme ukipotea hapo katikati, picha inaweza kuwa imeandikwa lakini jina lake halijaingia kwenye orodha, au orodha yenyewe imeandikwa nusu. Ndiyo folda yako hiyo. Na ndiyo sababu ya kubofya amri ya kutoa diski kwa usalama na kusubiri jibu kabla ya kuchomoa. Wengi huiona kama adabu tu, wakati kazi yake ni kuihimiza kompyuta ishushe mzigo wote uliobaki.

Sasa hizo wati 100. Hapa watu wengi hudanganyika, na sidhani wauzaji wanasikitika. Namba hiyo ni kiasi cha juu cha umeme ambacho habu inaweza *kupitisha* kutoka kwenye chaja kwenda kwenye laptopu. Haisemi lolote kuhusu diski zitapata nini. Chaja ikiwa imechomekwa, habu hujiwekea fungu dogo na kupeleka linalobaki kwenye laptopu, na hali ya diski huwa afadhali. Ukiichomoa, mwelekeo wa umeme unageuka: aliyekuwa anapokea, yaani laptopu, sasa ndiye mtoaji. Habu na laptopu hulazimika kupatana upya, na habu nyingi za bei nafuu huwaacha waliochomekwa bila umeme kwa kitambo kidogo wakati wa mapatano hayo. Kwa kibodi au kipanya hutaona kitu. Kwa diski iliyo katikati ya kuandika, kitambo hicho kinatosha kuharibu folda. Kwa hiyo sheria moja uishike leo hii, kabla ya kununua chochote: diski ikiwa inafanya kazi kwenye habu, chaja haichomekwi wala haichomolewi.

Niseme pia kuhusu nyaya, kwa sababu najua ukishasoma hapa utakimbilia waya wowote wa USB-C ulio karibu. USB-C ni umbo la kichwa. Spidi ni jambo lingine. Waya mwingi unaokuja na chaja ya simu una kichwa kizuri cha USB-C lakini ndani una nyuzi za USB 2 tu. Diski itafanya kazi, ila kwa megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde, na utadhani imezeeka. Tumia waya uliokuja na diski, au ulioandikwa kwamba unabeba gigabiti 5 au 10. Na uwe mfupi. Waya mrefu mwembamba hupoteza volti njiani, na volti ndizo tunazozililia hapa. Adapta za kubadilishia kichwa nazo zina tabia hiyo hiyo. Kuna za kuchaji tu zilizovaa sura ya zile kamili. Halafu, kichwa kipana cha zamani cha USB 3 ukikichomeka polepole, pini zake za mbele, ambazo ni za USB 2, hugusa kwanza, na kompyuta inaweza kukitambua kama USB 2 na kubaki hivyo. Chomeka kwa mkupuo mmoja. Nimewahi kuitwa kutazama diski "iliyopungua nguvu" ambayo dawa yake ilikuwa hiyo tu.

Je, ununue nini? Labda usinunue kitu, zaidi ya nyaya mbili. Kama unakopi mara moja kwa wiki, ule mpango wa betri iliyojaa na diski kwenye kila tundu unakutosha, na ndio salama kuliko yote kwa sababu kila diski ina mlango wake wa umeme. Au diski moja ikae kwenye laptopu, nyingine kwenye habu yenye chaja. Iliyo na njaa zaidi ndiyo ikae kwenye laptopu.

Ukitaka diski zote mbili zikae zimechomekwa siku nzima, nunua habu yenye adapta yake ya ukutani. Si ile yenye tundu la kupitishia chaja ya laptopu, hapana: ile inayokuja na adapta yake yenyewe ndani ya boksi, kwa ajili ya vifaa vilivyochomekwa. Usisome maandishi ya boksi, soma kibandiko cha adapta. Zidisha volti kwa ampea upate wati. Diski mbili zikiamka pamoja zinaweza kutaka wati 10, ongeza za habu yenyewe na za kifaa kingine utakachochomeka. Adapta ya volti 5 na ampea 4, yaani wati 20, inakupa nafasi ya kupumua. Ya ampea 2 ni kujidanganya. Hiki ndicho ningenunua mimi ningekuwa kwenye nafasi yako.

Kuna watakaokushauri uhamie SSD, yaani diski ya chipu isiyo na sahani. Ushauri mzuri kwa mtu anayebeba diski kwenye begi, kwa kuwa haina kitu kinachozunguka na haiogopi mtikisiko. Ila usidhani zote zinakula umeme kidogo. Zile za SATA, aina ya zamani yenye spidi ndogo, ni wapole. Zile za NVMe, aina mpya yenye spidi kubwa, zilizowekwa kwenye kasha la USB, zikiwa zinaandika kwa nguvu, zinaweza kuvuta zaidi ya diski yako ya sasa, na kwenye habu dhaifu zitapotea vile vile, tena bila hata ya kulia. Diski kubwa za mezani, za inchi 3.5, ni kinyume chake: zinataka volti 12 kwa hiyo huja na adapta yake, na hazisumbui habu kwa umeme hata kidogo. Kama hizi picha hazihitaji kusafiri, diski ya mezani ni chaguo lisilopewa heshima linayostahili.

Vituo vikubwa vya Thunderbolt, yaani habu kubwa za muunganisho wenye spidi zaidi ya USB ya kawaida, vipo pia, na ni vizuri kweli, lakini ni kwa mtu anayehariri video kwenye SSD mbili tatu kwa wakati mmoja. Kabla hujavifikiria, tazama kama tundu lako lina alama ya radi pembeni. USB-C na Thunderbolt vina kichwa kimoja, na si kila chenye kichwa hicho ni Thunderbolt. Wewe huvihitaji. Wala huhitaji laptopu mpya. Na ule waya wa zamani wenye vichwa viwili, uliochukua umeme kwenye matundu mawili, uache upumzike: mwenye matundu mawili hawezi kuyatumia yote kwa diski moja.

Kama umenunua habu nzuri na diski bado inapotea ikiwa imekaa bila kazi, hapo umeme hauna kosa. Tazama mipangilio ya kuokoa nishati kwenye laptopu, kuna kipengele kinachozima matundu ya USB yasiyotumika, kizime. Na ukiona kipanya chako kisichotumia waya kinakwamakwama kila diski inapofanya kazi, sogeza diski na waya wake mbali kidogo na kipokezi cha kipanya, kile kidude kilichochomekwa kwenye laptopu. USB 3 hutoa kelele ya redio kwenye eneo la gigahezi 2.4, ambalo ndilo vipanya vingi hutumia. Haihusiani na ugonjwa wako, lakini wengi hulaumu betri ya kipanya bure.

Sasa, ni wakati gani uache kujaribu mwenyewe? Ikiwa diski inalia tik-tik hata ikiwa peke yake, kwenye laptopu moja kwa moja, kwa waya mfupi mzuri, basi mlio huo si wa njaa tena. Huenda kichwa chenyewe kinashindwa kusoma. Ichomoe hapo hapo. Usiiwashe mara ya pili "kuona tu", maana kila jaribio linaweza kukwangua sahani. Vivyo hivyo ikionekana lakini inasema ina ukubwa wa sifuri, ikinuka kuungua, au ikiwa iliwahi kuanguka. Usiiweke kwenye friji, hata kama mtu amekuapia kwamba yake ilipona. Usiifungue. Usiipitishie programu ya kurekebisha hitilafu, kwa sababu programu hizo huandika kwenye diski, na huitumikisha kwa saa nyingi diski isiyo na saa nyingi. Na mtu asikudanganye kwamba atatoa diski kwenye kasha lake na kuiweka kwenye lingine bila wasiwasi: diski nyingi za mfukoni zina tundu la USB lililounganishwa kwenye bodi yenyewe, na baadhi husimba data, yaani huifunga kwa msimbo wa siri, kupitia chipu iliyo kwenye bodi hiyo, kwa hiyo ukizitenganisha hutapata kitu cha kusomeka.

Unapompelekea mtu wa kuokoa data, muulize swali moja kabla hujamwachia diski: atafanya nini kwanza? Anayejua kazi atakwambia atanakili diski nzima kwenye diski nyingine, sekta kwa sekta, yaani kipande kidogo baada ya kingine, halafu atahangaika na ile nakala, ya kwako ikiwa imepumzika. Akikwambia ataifomati kwanza ndipo aitafute data, chukua diski yako uondoke. Na siku ya kuchukua mzigo, fungueni picha kadhaa pamoja kwenye skrini yake, kubwa kwa ukubwa wake kamili, na zile za folda hiyo ndizo mzifungue mwanzo. Picha ndogo za kwenye orodha huwa zinaonekana nzima hata pale faili lenyewe limekatika katikati.